Sura Hii ni ya Nani?

Wasomaji wapenzi, leo twataka kuwauliza swali moja ambalo kwa kulitazama tu laonekana dogo. Pengine mtaona halifai kuandikwa katika gazeti la Kanisa. Swali lenyewe ni hili: mtu akipigwa picha, picha ile ni ya nani? Ni ya mwenye kamera, au ni ya mwenye sura?

Sisi tulidhani twajua jibu. Ilitubidi kukosa kwanza, ndipo tukafundishwa na mama mmoja mzee asiyejua kusoma. Kwa hiyo haya tunayoyaandika si mafundisho ya mwalimu kwa wanafunzi wake, bali ni maungamo ya mdeni.

Kamera yetu ni ya zamani. Ni Yashica ya macho mawili, jicho moja juu ya jingine, iliyoachwa na padre mmisionari aliporudi kwao Ulaya. Haina betri, wala haina kioo cha kuonyesha picha iliyokwisha kupigwa. Hutumia filamu ya upana wa sentimita 6, na filamu moja hutoa picha 12 tu. “Kumi na mbili kama Mitume,” alituambia padre yule kwa kucheka, “basi angalia asiwemo Yuda.” Alitaka kusema tusipoteze hata moja.

Anayetaka kupiga picha kwa kamera hii huishika mbele ya tumbo, kisha huinamisha kichwa na kutazama ndani yake kutoka juu. Humo humwona mtu aliye mbele yake, lakini kulia kumekuwa kushoto na kushoto kumekuwa kulia. Mtoto akisogea upande huu, katika kioo husogea upande ule. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kwenda polepole, na aliye mbele yake ana nafasi ya kusema “Ngoja nifunge kitambaa changu”, au hata kusema “Sitaki”.

Twasikia kwamba vijana wengi wa Ulaya na Marekani, wenye simu zinazopiga picha elfu bila gharama, wameanza tena kuzitafuta kamera za namna hii. Filamu hazijakwisha duniani. Kodak, kampuni iliyoomba kinga ya mahakama mwezi wa Januari 2012 kwa kushindwa na madeni, haikufa, na filamu zenye jina lake bado hutengenezwa Rochester, Marekani. Filamu za Ilford nazo hutengenezwa Mobberley, Uingereza. Vijana wale husema kwamba wanapenda kungoja. Sisi hatukuchagua kungoja. Tulingoja kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Lakini kuna kungoja kwa subira, na kuna kungoja kwa uvivu, na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Bunagana, kama wengi wenu mjuavyo, ni mji mdogo wa mpakani chini ya mlima Sabyinyo. Mji una jina moja na nchi mbili, upande huu Kongo na upande ule Uganda. Tarehe 15 Agosti 2021, Jumapili, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, watoto wa kigango chetu walipokea Komunyo ya kwanza. Baada ya Misa mama mmoja mzee alitujia akimshika mkono mjukuu wake wa miaka tisa. Mtoto amevaa shati jeupe la kuazima, limempita mikono. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa.

“Mwalimu,” akasema mama yule, “tupige.”

Tukawapiga. Mtoto hakutaka kutulia. Tulipomaliza, mama akauliza, “Picha nitaipata?”

“Utaipata, Nyanya,” tukajibu.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Walakini tulikuwa tumetumia picha saba tu, zimebaki tano, tukasema tuimalize filamu kwanza. Ilipokwisha, tukasema dawa za kusafishia hazipatikani. Mama akatuuliza baada ya Misa, tukajibu “Bado, Nyanya.” Akatuuliza sokoni, tukajibu “Bado.” Mara ya tatu hakuuliza kwa mdomo, alitutazama tu, akapita.

Dawa ni kweli zilikuwa haba. Lakini ukweli mzima ni huu: kama aliyetuomba angalikuwa daktari au mkuu wa shule, tungaliipeleka filamu ile hata Kampala juma lile lile. Tulijua njia ya kulipa. Hatukumwona mdai kuwa mkubwa wa kutosha.

Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana iliingia mikononi mwa wapiganaji wa M23. Maelfu ya watu tulivuka mpaka, wengine na magodoro vichwani, wengine na mbuzi, wengine mikono mitupu. Sisi tulibeba mfuko wa kamera, na ndani yake kopo dogo lenye filamu ile ambayo bado haijasafishwa. Wengi wetu tulipelekwa Nyakabande, karibu na Kisoro. Huko, baada ya majuma kadhaa, tulimkuta Nyanya. Alikuwa na sufuria na mkeka, lakini mtoto hakuwa naye. Homa ilikuwa imemchukua.

Tulianza kusema maneno yale ambayo makatekista huyasema penye msiba. Akatuachia tumalize, kisha akasema taratibu, “Mwalimu, sina hata nguo yake moja. Shati lile lilikuwa la watu. Mjukuu wangu amebaki ndani ya mfuko wako tu.”

Usiku ule hatukulala. Tulitafuta mahali pa kujificha, na Injili ikatuzibia njia. Twalikumbuka sana fumbo la ile dinari katika sura ya 22 ya Mateo Mtakatifu. Watu walimwendea Bwana wetu kumtega kwa habari ya kodi. Yeye akaomba waonyeshe sarafu, akawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Walipomjibu kwamba ni ya Kaisari, akawaambia wamrudishie Kaisari vilivyo vyake, na Mungu vilivyo vyake. Walimu wa kale wa Kanisa, akina Tertuliano na Augustino Mtakatifu, wakaendelea mbele: ikiwa sarafu ni ya Kaisari kwa kuwa ina sura yake, basi mwanadamu ni wa Mungu, kwa kuwa ameumbwa kwa sura ya Mungu.

Tazameni, wasomaji, Bwana wetu hakuuliza ni nani aliyeifua sarafu, wala ni ya mfuko wa nani. Aliuliza sura ni ya nani. Sisi tulikuwa na kopo lenye sura ya mtoto. Filamu tuliinunua sisi, kamera tulipewa sisi, kidole kilichobonyeza ni chetu. Haya yote ni kweli. Lakini sura haikuwa yetu. Tuliazima sura ya mtu, tukaifungia kama mali yetu.

Tena Kanisa limekwisha kuamua jambo lililo karibu na hili. Katika mwaka 787, Mtaguso wa pili wa Nisea ulifundisha, juu ya picha takatifu, kwamba heshima anayopewa mwenye kupigwa sura haiishii katika ubao na rangi, bali humfikia yeye mwenyewe. Hatusemi kwamba picha ya mjukuu wa Nyanya ni picha takatifu ya kuwekwa altareni. Twasema hivi tu: ikiwa heshima hupita katika picha na kumfikia mwenyewe, basi dharau nayo hupita njia ile ile. Kuisahau picha ya mtu kopo moja na misumari ni kumsahau mtu.

Pengine mtasema sisi Waswahili tumejionya wenyewe katika neno tunalolitumia, kwa maana twasema kupiga picha kama tusemavyo kupiga risasi. Neno kupiga lina kazi nyingi, nasi hatutaki kulilazimisha. Lakini katika milima yetu hii mambo hayo mawili yalikutana kweli. Mwaka 1921 Mmarekani jina lake Carl Akeley alipanda Mikeno, mlima tunaouona tukielekea Rumangabo. Alikuja na bunduki na kamera ya sinema aliyoiunda mwenyewe. Yeye na wenzake waliua sokwe wakubwa watano wa jumba la makumbusho la New York. Tena kwa kamera ile akapata picha za kwanza za sinema za sokwe hao wakiwa hai porini. Baadaye aliandika kwamba ilimbidi kujikaza asijione kama muuaji. Akarudi kwao, akawasihi wakubwa wawalinde wanyama hao, na tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akaanzisha hifadhi ambayo leo ni Virunga. Akeley akarudi mwaka 1926, akafa, akazikwa Mikeno. Mtu huyu alipoona vizuri kile alichokuja kukichukua, alitambua kwamba ana deni. Ikiwa deni laweza kuwako kwa mnyama, je, si zaidi kwa mjukuu wa Nyanya?

Sasa tusikilize wanaopinga.

Mmoja atasema: “Sheria iko upande wa mpiga picha.” Ni kweli, sheria za nchi nyingi humpa mpiga picha haki ya kuitoa na kuiuza kazi yake. Hatuipingi sheria hiyo, maana mfanya kazi anastahili ujira wake. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino hutufundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Sheria ilituruhusu kukaa na filamu ile hata miaka 20 bila kushtakiwa. Je, Nyanya angalikuwa amepewa kilicho chake?

Wa pili atasema: “Lakini picha za wenye taabu huleta msaada. Ukingoja ruhusa ya kila mtu, dunia haitajua.” Neno hili ni zito, na twalijibu kwa kisa cha nchi yetu wenyewe. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni ya Waprotestanti. Askari wa kampuni ya mpira walikuwa wamemwua mtoto wake Boali, msichana wa miaka mitano, naye alibeba mkono na mguu wake, umefungwa katika majani. Mke wa mmisionari, Alice Seeley Harris, alimketisha barazani akampiga picha, baba amevitazama viungo vya mwanawe. Picha ile na nyingine zilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, zikasaidia kuwaamsha watu, hata mwaka 1908 Mfalme Leopold akaondolewa Kongo katika mikono yake.

Je, Bibi Harris alikosa? Sisi twaona hakukosa, na sababu ni hii. Nsala hakuviziwa njiani. Alikuja mwenyewe kuonyesha aliyotendewa. Alitaka shahidi, na kamera ikawa shahidi wake. Picha ilikwenda ilikotakiwa kwenda, kwa faida ya mwenye sura na ndugu zake. Kwa hiyo hatusemi kwamba kupiga picha ya msiba ni dhambi. Twasema picha ya msiba ni deni kubwa kuliko picha ya harusi, na hulipwa kwa ukweli: isiongezwe wala isipunguzwe, isiuzwe kwa jina jingine, isitumiwe kumwaibisha yule aliyelia mbele yako. Kambini Nyakabande tuliona wageni wenye kamera wakipita kati ya mahema. Wengine walikaa chini, wakauliza jina, wakasikiliza. Wengine walibonyeza wakapita. Tulikuwa tayari kuwahukumu hawa wa pili, kisha tukakumbuka kopo letu, tukanyamaza.

Wa tatu atasema: “Hayo yalikuwa ya filamu. Leo simu haina gharama, picha si kitu.” Ndugu, hapo ndipo hatari ilipozidi. George Eastman alipoitoa kamera yake ya Kodak mwaka 1888, iliuzwa ikiwa na filamu ya picha 100. Mwenyewe akizimaliza aliipeleka kamera nzima kiwandani Rochester, wakamsafishia, wakamrudishia picha zake na kamera iliyotiwa filamu mpya. Mwaka 1900 ikatoka Brownie, kwa dola moja tu, hata watoto wakaweza kupiga. Kwa hiyo tangu zamani kazi ya kubonyeza imekuwa nyepesi, na ya kukamilisha imeachiwa mwingine. Lakini filamu ilimkumbusha mtu kwa gharama yake na kwa uchache wake: kumi na mbili tu, na kila moja ina uso wa mtu anayengoja. Simu haikumbushi. Huchukua nyuso elfu na kuzilaza gizani, wala hakuna anayeziuliza. Kukopa harusi, kulipa matanga, na kadiri mkopo ulivyo mwepesi ndivyo malipo yanavyosahaulika upesi.

Turudi kwa Nyanya. Kisoro tulimpata mzee mmoja aliyekuwa na studio zamani. Alikuwa bado na tangi la kusafishia, chumvi ya kukazia picha, na sanduku la karatasi lililopitwa na wakati. Dawa ya kuamshia picha hakuwa nayo. Lakini alijua jambo ambalo mwalimu mmoja na wanafunzi wake walilionyesha Rochester mwaka 1995: kahawa ile ya kuyeyuka majini, ikichanganywa na magadi ya kufulia, yaweza kusafisha filamu. Kahawa Uganda haikosekani. Usiku, chini ya mablanketi matatu, tuliivingirisha filamu ndani ya tangi kwa kupapasa, maana filamu haivumilii hata mwanga mwekundu. Tukamimina kahawa, tukatikisa karibu nusu saa, mikono ikitutetemeka kama ya mtoto anayeungama mara ya kwanza.

Picha ilikuwamo. Kwa muda wote ule ilikuwamo ndani ya filamu, haionekani, yangoja tu. Hatukuwa na mashine ya kuikuza, kwa hiyo tuliilaza filamu juu ya karatasi, tukaikandamiza kwa kioo, tukaimulika kwa tochi. Ikatoka picha ya sentimita 6 kwa 6, rangi ya kahawia. Uso wa Nyanya ulionekana kila mkunjo. Uso wa mtoto ulikuwa na ukungu, kwa kuwa alikuwa amegeuka.

Tulimpelekea kwa aibu, tukimwomba msamaha kwa kuchelewa, na tena kwa ukungu ule. Akaishika karibu na macho muda mrefu, kisha akacheka, kicheko tusichokitazamia. “Ndiye,” akasema. “Hakutulia hata siku ya Komunyo. Ungenipa aliyetulia, ningesema ni mtoto wa mwingine.”

Halafu akauliza, “Nikulipe kiasi gani, mwanangu?”

Hatukuweza kumjibu. Yeye aliyedai mwaka mzima ndiye aliyeuliza deni lake. Akaona tumenyamaza, akasema, “Basi piga magoti, tumwombee.” Tukapiga magoti juu ya mkeka wake.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile tumejiwekea kanuni chache, nasi twawapa ninyi, hasa vijana wenye simu mikononi.

Kwanza, omba. Mtu si mlima. Sabyinyo haina haya, lakini mama aliyekaa mlangoni mwa hema ana haya yake.

Pili, mwambie ukweli utaipeleka wapi. Ukisema utamletea, jina lake liandikwe siku ile ile, maana asiyekuwapo na lake halipo, na mkimbizi ndiye asiyekuwapo kila mahali.

Tatu, rudisha. Wapo majirani zetu ambao hawana hata sura moja ya marehemu wao, kwa kuwa nyumba zimeteketea au zimeporwa. Labda sura hiyo imo katika simu yako, nyuma ya picha za harusi na za mpira. Itafute usiku huu. Kuirudisha hakuhitaji kahawa wala giza.

Nne, usirudishe kwa wakubwa tu. Kipimo cha haki yetu si daktari wala mkuu wa shule, bali ni yule ambaye akinyimwa hana pa kushtaki.

Filamu ile bado tunayo, imefungwa katika karatasi safi. Ina picha 12. Tumekwisha kurudisha tisa. Wenye sura tatu walitawanyika, wengine Nakivale, wengine hatujui, nasi twaendelea kuuliza. Nasi wenyewe twangoja siku ambayo Bwana atatuinua machoni pake kama dinari ile na kuuliza sura hii ni ya nani. Mungu atujalie siku hiyo tusikutwe na sura ya mwenzetu mfukoni.